Nimesema "hamna shida" tena, na safari hii anayekuja kukaa kwangu ni aliyenilea kwa waya wa pasi

FundiFuti

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mnisamehe, nikiufupisha nitakuwa nimedanganya.

Mimi ni fundi cherehani, nipo Majengo, Dodoma mjini. Miaka 38, mke na watoto wawili. Naandika saa saba usiku sebuleni kwangu Nkuhungu kwa sababu mvua imeanza kupiga mabati, na mvua ikipiga mabati mimi silali. Wa Dodoma mtanishangaa. Huku tunameza vumbi miezi saba, minane, tunaangalia mawingu mpaka shingo inauma, na mvua ya kwanza ikija watu wanatoka nje na ndoo wanacheka. Mimi nakaa kwenye kochi nimevaa viatu.

Baba yangu alifariki 1994, nikiwa na miaka saba. Kwetu ni Bahi, vijijini ndani huko. Mama akabaki na wadogo zangu, mimi nikachukuliwa na baba mkubwa nije mjini nisome. Kijiji kizima kiliniambia nina bahati. Na kweli shule nilipelekwa, daftari nilinunuliwa, sare nilishonewa. Naomba hilo litangulie, maana likisahaulika ndugu watasema sina shukrani. Usiku wa kwanza alinikalisha kwenye kigoda akaniambia, "Ukitaka tuishi vizuri hapa, usiniletee shida."

Shida zenyewe zilikuwa zipi? Maji kumwagika. Kuku mmoja kutoonekana jioni. Kunyoosha mkono kwenye sinia kabla ya wenye nyumba. Kulia. Alitumia waya wa pasi, zile za zamani ambazo waya wake una ngozi ya kitambaa, anaukunja mara mbili. Sitaendelea zaidi ya hapo, mgongo ni wangu.

Alikuwa anarudi kazini na baiskeli ya Phoenix, madigadi ya nyuma imelegea. Ikipita kwenye kokoto inagonga: kta, kta, kta. Nikiisikia toka kona ya mtaa najua nina kama dakika moja ya kufagia, kufunga banda la kuku na kukaa mahali ambapo sionekani lakini nikiitwa naitika mara moja. Na kwa ule mwendo wa kta-kta nilikuwa najua leo kaamkia upande gani. Mpaka leo mtu akipita nje ya kibanda changu, kwa kusikia tu hatua zake nitakwambia ana hasira au ana njaa.

Sasa ukaja mwaka wa El Niño, zile mvua za 1997 kwenda 1998. Mvua ikipiga mabati, baiskeli haisikiki. Unashtukia mtu mlangoni na wewe bado una ndoo mkononi. Kuanzia hapo mvua na mimi basi.

Ufundi nilijifunza kwa sababu chumba cha fundi jirani kilikuwa na kelele za cherehani na hakuna aliyekuja kunitafuta pale. Leo mimi ni mtu mzuri sana. Uliza yeyote Majengo, atakwambia yule fundi hana neno. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, wateja wa suti wameongezeka. Mtu anashuka kutoka Mtumba, kule mji wa serikali, saa kumi na moja jioni, anataka koti kesho asubuhi. Hamna shida. Bitana sina, umeme umekatika, nguo za watu tisa zipo mbele yake: hamna shida. Nimewahi kurudisha hela ya suti nzima kwa mteja aliyenenepa mwenyewe. Halafu miaka kumi na sita ya ufundi sijawahi kujishonea shati. Navaa zile ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hili nililovaa sasa nililikata kwa mtu mwenye mabega mapana kuliko yangu. Alilipa nusu mwaka 2021 akapotea.

Mambo mawili yamenifanya niandike.

Mwezi uliopita mwanangu wa darasa la pili alikuwa kibandani, akaweka mkono kwenye pasi ya mkaa. Kiganja kizima. Akanitazama, akatabasamu, akasema, "Hamna shida baba, haiumi." Wakuu, ile sauti ni yangu. Mtoto huyu sijawahi kumpiga hata kibao. Ameitoa wapi?

La pili, baba mkubwa amepata kiharusi. Alistaafu zamani akarudi Bahi. Upande wa kulia hausogei. Wanawe mmoja yuko Mwanza, wengine Dar. Ukoo ukaona kwa kuwa mimi niko mjini karibu na hospitali, na ni yeye aliyenilea, aje kwangu. Shangazi alipiga simu Jumapili. Hata hajamaliza kueleza, nikasema hamna shida. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Tangu siku hiyo naisikia madigadi, na baiskeli ile iliuzwa chuma chakavu miaka mingi iliyopita.

Sasa swali. Mtu akisema ndiyo kwa woga, ndiyo hiyo inamfunga? Na humu kuna mtu aliyewahi kupona kitu cha namna hii, au unazeeka nacho? Sitaki kugombana na ukoo. Mzee mwenyewe sitaki ateseke. Nataka tu kujua ningejibu nini siku ile kama ningekuwa siogopi. Najiuliza toka Jumapili, sipati.

Kamanda_wa_Makole

Pole mkuu, ila tusidekezane. Nani humu hakuchapwa? Mimi nimechapwa nyumbani, nimechapwa shule, nimechapwa mpaka na jirani, na nimesimama mwanaume. Mzee kakusomesha, leo yuko kitandani unamhesabia viboko vya 1997? Radhi zipo. Mpokee, Mungu atakulipa. Haya mambo ya majeraha ya utotoni ni ya Wazungu wenye nafasi.

Binti_Kondoa

Kamanda, mtu anakwambia analala na viatu usiku wa mvua, wewe unamtishia radhi. Haya.

Kaka Fundi, umeandika mengi lakini kuna mtu mmoja simwoni kwenye maelezo yako. Mkeo alisema nini? Umesema mzee anakuja kwenu, hujasema nani atamgeuza.

Nakuuliza kwa sababu nimemuuguza mama yangu mwenye kiharusi miaka mitatu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo anatoka vidonda vya mgongo na makalio, na vile vidonda vikishaanza utajuta. Analishwa akiwa ameketishwa, kijiko kwa kijiko, maana wengine koo linashindwa kumeza na uji unaingia mapafuni. Kuna nepi, kuna mazoezi ya mkono na mguu, kuna dawa za presha ambazo hazitakiwi kuruka siku. Saa zote hizo wewe uko Majengo unashona koti la mtu wa Mtumba. Kwa hiyo hiyo "hamna shida" yako, mwenye kuilipa ni mwanamke ambaye hakuulizwa.

Na nikwambie lingine, hili huwa silisemi. Mama yangu ndiye alikuwa na mkono mzito kwangu nikiwa mdogo. Watu wanadhani ukimuuguza aliyekuumiza, siku moja mtashikana mikono mtalia na mambo yataisha. Kwangu haikuwa hivyo. Zilikuwepo siku nilimwogesha kwa upendo kabisa. Na ikaja siku nikajikuta namvuta mkono, ule usiofanya kazi, kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Niliuacha pale pale. Nikampigia dada yangu, nikamwambia njoo leo, nikiendelea peke yangu nitamuumiza. Alikuja. Kwa hiyo usijiulize tu kama wewe utavumilia. Jiulize kama mzee mwenyewe atakuwa salama mikononi mwako usiku wa mvua.

FundiFuti

Dada, nimesoma hapo mwisho nikatoka nje kwanza.

Mke wangu sikumuuliza. Nimemuuliza leo mchana akiwa anakoroga mlenda. Akasema, "Nilijua utakubali, nimeshaanza kuhamisha vitu vya chumba cha watoto." Akaendelea kukoroga. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na hakushangaa hata kidogo.

NesiMstaafu

Mwanangu Fundi, nimefanya uuguzi miaka thelathini na kitu, kumi ya mwisho kwenye afya ya akili. Hujarogwa na huna wazimu. Unayoyaeleza yanaeleweka.

Mtoto akiishi na hatari inayojirudia, mwili wake unatega kengele. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, umbo lake kama lozi, inaitwa amigdala. Kazi yake ni kuidaka hatari kabla wewe hujafikiri. Ikiidaka, adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza. Mtu mzima akikutana na nyoka mara moja, kengele inalia, nyoka akienda inazima. Wewe ulikuwa unamsubiri nyoka kila jioni kwa miaka. Kengele ya namna hiyo inajifunza kutozima, halafu inashika alama: sauti fulani, harufu fulani. Kwako imeshika mvua, kwa sababu mvua ilikuwa na maana moja tu, kwamba leo hutamsikia akija. Viatu unavaa uwe tayari. Tayari kwa nini, wewe mwenyewe hujui, ila miguu inajua.

Tulifundishwa kwamba kiumbe akitishwa atapigana, atakimbia au ataganda. Mtoto wa miaka saba atapiganaje na baba mkubwa? Na akikimbia, atakula wapi? Siku hizi wataalamu wengi wanaongeza njia nyingine: kumridhisha anayekutisha kabla hajakasirika. "Hamna shida" ndiyo ilikuwa dawa yako, na ilikusaidia, la sivyo mgongo ungekuwa na mengi zaidi. Ila nyumba ile umetoka, dozi unaendelea kumeza.

Kuhusu kijana wako usijitafutie kosa la kumpiga, halipo. Watoto wanasoma uso. Amekaa kibandani anaona kila anapoingia mtu mkali baba anatabasamu. Akaungua, akafanya kama baba.

Kamanda, umeuliza nani hakuchapwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ule uliofanyika 2009 na kutolewa 2011, ulikuta karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike na wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Kwa hiyo ni kweli tuko wengi. Malaria nayo tunaugua wengi na hatuiiti malezi. Hilo la Wazungu nalo lina ukweli wake, maana mwaka 1998 madaktari wawili wa Marekani, Felitti na Anda, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 9,500 wa San Diego, watu wa kawaida tu waliokwenda kupima afya. Kadiri mtu alivyopitia aina nyingi za mateso utotoni, ndivyo uwezekano wake wa kupata sonona, ulevi, hata maradhi ya moyo ulivyopanda. Fundi, nimesema uwezekano. Nimewaona wenye historia nzito kuliko yako wakilala usingizi mzuri.

Umeuliza kama watu wanapona. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya kazi iliyofanyika Moshi hapa kwetu na Bungoma, Kenya, kwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote. Waliowahudumia hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia, ni watu wa kawaida waliofundishwa. Walikutana kwa vikundi, vikao 12, mlezi naye akashirikishwa. Kwanza mtoto anafundishwa kuutuliza mwili. Halafu anasimulia lile lililomuumiza kidogo kidogo, mpaka analisimulia bila kutetemeka. Kwenye maeneo matatu kati ya manne dalili zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida. Sehemu moja tofauti haikuonekana, nayo nakwambia ili usidhani ni muujiza. Ni kazi yenye hatua, na kujikaza siyo mojawapo ya hizo hatua. Mtu mzima naye anaweza kuipitia.

Sasa nitataja neno ambalo Dodoma ni tusi. Mirembe. Tumekua tunatishana nalo, "wewe utapelekwa Mirembe". Hospitali ile ya magonjwa ya akili ipo tangu miaka ya 1920 na bado watu wanadhani ukivuka geti hutoki. Ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Unaingia kwa miguu yako, unaongea, unarudi kushona. Jina likikushinda, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa uulizie afya ya akili, au muone afisa ustawi wa jamii. Lakini usimsimulie kila mtu kila kitu kwa mpigo, hata humu. Kidonda hakioshwi na kila aliyeshika maji.

Babu_wa_Mpunguzi

Mbukwenyi. Mimi nalima zabibu, macho yenyewe haya, kuandika kwenye simu kunanichosha. Nitasema la ukoo tu, hayo ya ubongo nesi ameyamaliza.

Mjukuu wangu, ndiyo ya kwenye simu haijakaa mahali. Jambo la mzee haliishi kwa simu ya shangazi. Linakaliwa kikao, na kila mmoja anataja atatoa nini. Wamekurushia wewe kwa sababu wanajua hukatai, basi. Itisha kikao kabla ya hiyo Jumamosi.

Ukienda, usiende kueleza waya wa pasi. Ukiueleza, kikao kitageuka kesi ya waya. Nusu watasema hawakujua, nusu watasema walijua wakadhani ni malezi, jua litazama, na mzee atakuwa bado hana pa kulala. Waya una siku yake na una watu wake. Mtangulize mjomba wako, ndugu wa mama. Mjomba anaweza kulisema ambalo wewe ukilisema utaitwa mkosefu wa adabu.

Wewe nenda na namba. Natoa kiasi hiki kila mwezi kwa mtu wa kumhudumia. Siku ya kliniki nitampeleka mimi. Kulala kwangu haiwezekani. Wakiuliza kwa nini, sema nyumba yangu haiwezi. Hapo hujadanganya, nyumba yako haiwezi kweli.

Nina kijana wangu yuko Singida. Ananipigia Krismasi tu, anauliza afya, anakata. Nilikuwa nikijiambia ni mambo ya kazi. Uzi huu nimeusoma mara tatu.

FundiFuti

Mzee wangu, shikamoo. Nimekusikia. Mjomba nimemtafuta.

FundiFuti

Wakuu, mrejesho. Zimepita wiki tatu na siku.

Kwanza nilifeli. Niliandika maneno ya kumwambia shangazi kwenye karatasi ya kukatia mfano, kwa chaki, herufi kubwa. Nikapiga. Akauliza chumba kiko tayari? Nikasema hamna shida, nikakata simu. Nikaingia chini ya meza ya kukatia, mtu mzima na ndevu zangu, nikakaa humo mpaka mteja akaja akauliza fundi yuko wapi.

Mjomba ndiye aliyepiga. Alhamisi tukapanda basi kwenda Bahi, kikao kikakaa chini ya mbuyu nyuma ya nyumba ya baba mdogo. Mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika futi, nimeizungusha kidole mpaka kikafa ganzi. Mjomba aliongea dakika mbili tu, halafu akasema kijana ana neno. Nikataja: elfu sitini kila mwezi kwa mtu wa kumhudumia, kliniki nitampeleka mimi, kulala kwangu haiwezekani. Sauti ilitoka nyembamba kama ya darasa la tatu, ila ilitoka. Baba mdogo akasema mjini kumeniharibu. Shangazi akalia. Mimi mdomo ukafunguka kusema basi hamna shida, wallahi nililisikia lile neno limefika kwenye meno. Mjomba akanikanyaga mguu.

Wakaendelea kubishana kama saa moja na nusu hivi. Mwisho binti wa mzee, yule wa Mwanza, akasema kwa simu atakuja kukaa miezi mitatu, wa Dar watachanga, na atatafutwa kijana mwenye nguvu wa kumgeuza. Jambo lenyewe lilikuwa linawezekana siku zote.

Huyo binti alinipigia usiku, mimi na yeye tumepishana miaka miwili. Akaniambia, "Mimi nilikuwa nafurahi ulivyokuja kwetu. Kabla yako alikuwa ananipiga mimi." Halafu akanyamaza, na mimi nikanyamaza, salio likaisha. Sijajua nifanye nini na hilo. Wiki hii tumeandikiana mara mbili, habari za dawa za presha.

Mzee nilimwona siku ile ile ya kikao. Amekuwa mdogo. Mdomo umeenda upande. Nilisimama mlangoni, nikamwamkia, akaniangalia muda mrefu, akasema kwa shida, "Umekula?" Mtu ambaye kwake nilikuwa nakula wa mwisho. Nikasema sijala. Kumbe nilikuwa nimekula. Sijui kwa nini nilitaka asikie hivyo. Akaita wanipe chakula, nikala ugali wa uwele mbele yake, nikaaga. Msiniulize kama nimemsamehe, sijui, na kwa sasa sina haraka ya kujua.

Kliniki nimekwenda mara mbili. Nilipita getini mara ya kwanza nimevaa kofia nimeinamisha uso, nikakutana uso kwa uso na mteja wangu wa Ilazo. Naye alikuwa na kofia. Tukasalimiana kama watu wa misikiti tofauti. Dada aliyenipokea hakuniuliza habari za waya. Aliniuliza woga ukija unakaa wapi mwilini. Watu wengi husema kifuani au tumboni, aliniambia baadaye. Mimi nilionyesha masikio. Sasa tunaanzia hapo. Kuna zoezi amenipa la kusikiliza sauti za ndani ya nyumba moja moja na kuzitaja: friji, saa, mtoto anakoroma, bomba linadondosha. Linaonekana la kijinga. Nalifanya.

Mvua imenyesha mara mbili tangu nianze. Ya kwanza nilikaa na viatu kama kawaida. Ya pili mke wangu akaamka, akaniangalia, akaenda kuvaa raba zake, akaja kukaa pembeni yangu. Hatukuongea. Tulikuwa kama watu wanaosubiri basi la alfajiri pale stendi. Nilicheka, naye akacheka, mabati yanapiga.

Na yule mtoto. Nilimshika kile kiganja, kimeshapona, kimebaki na baka. Nikamwambia baba anajua pasi inauma, mimi mwenyewe imeniunguza mara nyingi na huwa inauma sana. Akasema haikuuma. Nikasema sawa. Tumekaa kidogo, midomo ikaanza kutetemeka, akalia kilio cha wiki saba zilizopita, kwa sauti mpaka mama wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilitaka kumnyamazisha, aibu ya jirani. Nikamwacha.

Dada Kondoa, mke wangu anakusalimia. Amesema tarehe za kliniki za mzee anataka kuulizwa kwanza, kabla sijamjibu mtu. Nimekubali, na "ndiyo" hii niliifikiria kwanza.

Ah, na nimekata shati. Langu. Futi alishika mwanangu, akasoma kifua inchi 83. Nikamwambia mimi siyo simtanki, rudia.

Binti_Kondoa

Msalimie sana. Mwambie kwenye kumgeuza mgonjwa, mto mmoja uwekwe katikati ya magoti.

Kamanda_wa_Makole

Mimi msimamo wangu ni ule ule, wazee waheshimiwe. Ila mkuu, kaunda suti unashona bei gani? Nina harusi ya mdogo wangu Ijumaa hii.

FundiFuti

Kitambaa ukija nacho, elfu arobaini. Ijumaa haiwezekani, kuna nguo za watu sita mbele yako. Njoo Jumanne ijayo nikupime.

Kamanda_wa_Makole

Mkuu naongeza elfu ishirini.

FundiFuti

Jumanne.